Golden Flash ya mwaka gani? Shajara ya kuitambua injini na giaboksi ya BSA A10

Jumamosi, 1 Februari

Pikipiki imeingia bandani saa tano asubuhi, mvua ikinyesha, mimi na jirani tukiisukuma kutoka kwenye gari la mizigo. Ni BSA A10 Golden Flash, silinda mbili zilizosimama sambamba, cc 646. Kadi ya usajili inasema ni ya mwaka 1956. Aliyeniuzia aliirithi kwa shemeji yake na hakuwahi kuiendesha, na hilo alinieleza waziwazi. Kisha akaniongezea sanduku la mbao lililojaa vyuma. Alisema ni spea zake, ila za sehemu gani hakujua.

Kwa nini A10? Baba alikuwa fundi kwenye korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, ya shamba la mkonge nje ya Tanga. Meneja wa shamba alikuwa na Golden Flash ya rangi ya mchanga, na aliyeitengeneza ni Baba. Nyumbani tuliiita "bunduki tatu" kwa sababu ya ile nembo ya bunduki tatu zilizoegemezana, maana BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kampuni ya silaha iliyoanzishwa mwaka 1861 kabla haijafikiria pikipiki. Nilizijua bunduki hizo kabla sijajua Birmingham iko upande gani wa dunia. Leo naishi Birmingham hii hii, na Armoury Road kule Small Heath, kilipokuwa kiwanda, nafika kwa basi moja.

Kitu cha kwanza ni namba. Ya fremu, karibu na shingo la usukani, inaanza na EA7. Ya injini, upande wa kushoto chini ya silinda, inaanza na DA10. Nilisimama na tochi mbele ya namba hizo, moyo ukanishuka. Saba huku, kumi kule. E huku, D kule. A7 ni mdogo wake A10, cc 497. Nikaona wazi kwamba nimeuziwa injini ya pikipiki moja ndani ya fremu ya nyingine.

Jumamosi, 8 Februari

Wiki nzima nimesoma namba za BSA, na nusu ya hofu yangu imeondoka.

Saba kwenye fremu si kosa. A7 na A10 zilitumia fremu moja, na kiwandani waliigonga A7 hata pale ilipopangiwa injini ya A10. Fremu yenye mkono wa nyuma unaobembea ilianza mwaka 1954 kwa herufi CA7, modeli za 1956 zikawa EA7, na kuanzia 1958 ikawa FA7. Kwa hiyo EA7 inakubaliana na kadi yangu ya 1956. Fremu ya A10 yenye maandishi "A10" ndiyo ingepaswa kunitia wasiwasi.

La pili: BSA za miaka ile hazikutoka kiwandani na namba moja kwenye injini na fremu. Kila kimoja kilikuwa na mfululizo wake, na vilikutanishwa tu kwenye daftari la kupelekea mizigo. Anayekuambia "namba zake zinafanana" kuhusu A10 ya 1956 ama hajui, ama kuna mtu amegonga namba upya. Madaftari ya kiwanda yamehifadhiwa na Vintage Motor-Cycle Club, klabu ya wapenda pikipiki za kale, na jana nimewaandikia nikiomba waitafute fremu yangu.

Kinachobaki ni D. Injini za 1956 za fremu hii zilikuwa CA10. DA10 ilianza na modeli za 1958. Basi kasha la injini ni jipya kuliko fremu kwa miaka miwili angalau. Namba hiyo hiyo ya DA10 imo kwenye kadi, maana yake aliyebadilisha injini alienda akatangaza mabadiliko kwa wenye usajili. Hakuna aliyeficha kitu.

Jumamosi, 15 Februari

Leo nimefungua kifuniko cha kushoto, cheni ya ndani inakotoka injini kwenda klachi.

Neno kwanza kuhusu spana, kwa sababu lilinipotezea saa nzima. Milimita hazikai hapa. Nati hizi ni za vipimo vya Whitworth, na namba iliyoandikwa kwenye spana si upana wa nati bali unene wa bolti inayoingia humo. Spana iliyoandikwa 1/4 ina mdomo wa inchi 0.525, zaidi ya nusu inchi. Baba alikuwa na seti nzima kutoka korona, kwa kuwa mashine za mkonge nazo zilitoka Uingereza. Utotoni nilidhani spana zile zimeandikwa vibaya.

Ndani ya kifuniko kuna mambo mawili.

Klachi ina springi nne. A10 ya 1956 ilikuwa na klachi ya springi sita. Ya springi nne iliingia mwaka 1960. Hili halinisumbui hata kidogo. Klachi ya springi nne inaachia vizuri zaidi, na wapo wanaoibadilisha kwa makusudi hadi leo. Nimeliandika tu kwenye daftari: fremu 1956, kasha 1958 au baadaye, klachi 1960 au baadaye.

Sproketi ya injini ina meno 18. Nilihesabu mara tatu, nikitia alama ya chaki kwenye jino la kwanza. Golden Flash ya kawaida ilikuwa na meno 21. Klachi ina 43, sproketi ya giaboksi 19, ya gurudumu la nyuma 42, na hizo tatu ni sahihi. Fanya hesabu: 43 gawanya kwa 21, zidisha kwa 42 gawanya kwa 19, unapata 4.53, ambayo ndiyo gia ya juu iliyotangazwa kwa A10. Weka 18 mahali pa 21, unapata 5.28, na hiyo ni gia ya A7. Kwa mwendo uleule barabarani injini inazunguka asilimia 17 zaidi. Kwa injini yenye mwendo mrefu wa pistoni, milimita 84, hayo si mateso madogo.

Nilikuwa nimeshaandika "sproketi ya A7, kosa" ndipo nikaona kwenye bomba la mbele la fremu mikwaruzo miwili iliyozunguka bomba, rangi imelika hadi chuma. Ni alama za kamba za chuma za kigari cha pembeni. Mtu alikuwa akivuta mke na watoto kwenye pikipiki hii, na anayevuta kigari hushusha gia. Huenda sproketi ya meno 18 iliwekwa na mtu aliyejua anachofanya. Nimefuta neno "kosa".

Nilipoweka rula ya chuma kuvuka sproketi mbili, ya klachi ilikuwa imetoka nje milimita mbili. Hilo ni kosa kweli, na linakula cheni. Anayefunga klachi ya aina nyingine lazima apange upya mstari wa cheni, na hapa haukupangwa.

Jumamosi, 22 Februari

Sanduku la mbao. Nimemwaga kila kitu juu ya gazeti.

Kitu kikubwa kuliko vyote ni giaboksi nzima, nzito, ambayo muuzaji aliamini ni akiba ya pikipiki hii. Haiwezi kufungwa hapa kamwe, na sababu yake inaonekana kwa macho. A10 za mwanzo, zile za kusimamishwa nyuma kwa plunja, yaani springi wima kwenye ekseli bila mkono unaobembea, zilikuwa na giaboksi iliyofungwa kwa studi moja kwa moja kwenye mgongo wa kasha la injini. Uso wake wa mbele ni bapa, umesuguliwa kukaa juu ya uso mwingine bapa. Ya mkono unaobembea imesimama peke yake kati ya mabamba mawili, na unaivuta nyuma kukaza cheni ya ndani. Kwenye plunja giaboksi haisogei, kwa hiyo cheni hukazwa na ulimi wa chuma unaoisukuma, na cheni yenyewe ni ya safu mbili. Cheni ya safu mbili nayo imo sandukuni. Kumbe sanduku hili lina mabaki ya pikipiki ya tatu.

Kuna pia nusu ya kushoto ya kasha la injini, imepasuka kutoka tundu la bolti la mbele hadi kwenye kiti cha beringi. Imefunikwa lami ya mafuta na rangi nyeusi. Nimeisukuma chini ya meza.

Giaboksi iliyomo ndani ya pikipiki niliipima bila kuifungua. Tia alama kwenye shafti kuu na kwenye sproketi, ingiza gia, zungusha sproketi mara kumi, hesabu shafti imezunguka mara ngapi. Gia ya kwanza: karibu 26. Ya pili: kumi na saba na nusu na kidogo. Ya tatu: kumi na mbili na kidogo. Ya nne: kumi kamili. Seti ya kawaida ya BSA ni 2.58, 1.76, 1.21 na 1, kwa hiyo hakuna gia ya mgeni humo. Kipimo hiki hakigharimu senti, na kingekuonyesha hata ile seti ya mashindano ya Gold Star, pikipiki nyingine ya BSA, ambayo gia yake ya kwanza ni 1.75 tu na watu huilipia fedha nyingi.

Nimeagiza beringi za konrodi, zile za vipande viwili kama maganda. Nimeagiza kwa namba ya injini: DA10.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani. Kazi ni baada ya tarawehe, na banda lina baridi ya kuuma vidole. Leo nimeitoa krankshafti.

Kwanza mwendo wa pistoni, niliokuwa nimeupima kabla ya kufungua, kwa kijiti kirefu kupitia tundu la plagi: milimita 84. Kipenyo cha silinda ni 70 na kidogo, kwa sababu zimeshapanuliwa. A7 ingekuwa 66 kwa 72.6. Basi hii ni A10 kweli, juu na chini.

Kisha nikatoa maganda mapya kwenye boksi lake, nikayaweka kwenye konrodi. Hayakukaa. Ganda lilisimama juu ya kiti chake kama sahani kubwa juu ya kikombe. Nikadhani nimeletewa bidhaa siyo. Nikasoma boksi: sahihi. Nikachukua maikromita nikapima shingo za krankshafti, pale konrodi zinapoishika. Ya kushoto: inchi 1.4392. Ya kulia: 1.4397.

Nilikaa chini. DA10 ina shingo nene, inchi 1.6875. Hiyo ndiyo tofauti kubwa iliyoingia mwaka 1958; kabla yake shingo ilikuwa 1.460. Hakuna fundi awezaye kuikereza shingo ya 1.6875 ikafika 1.44 ikabaki krankshafti. Lakini 1.460 iliyopunguzwa sehemu 20 za elfu ya inchi ni 1.440 kamili, na hicho ndicho nilichonacho, pamoja na ulaji kidogo. Ndani ya kasha la 1958 imo krankshafti ya kabla ya 1958, imeshakerezwa mara moja au mbili, na konrodi zake nyembamba za zamani.

Je, ni hatari? Kwa mwendo wangu, hapana. Krankshafti hizi zilibeba A10 tangu modeli za 1950. Hatari iko kwenye kununua kwa namba iliyogongwa nje.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia Baba simu kabla hajatoka kwenda kufuturu msikitini.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Bunduki tatu inasemaje?"

Nikamweleza. Alinyamaza, kisha akauliza swali moja: "Ulipima kabla ya kuagiza?"

"Namba ilisema DA10, Baba."

"Namba imegongwa kwenye kasha. Krankshafti imo ndani. Aliyebadilisha moja hakubadilisha nyingine." Kisha akauliza kama konrodi zina alama, na kama kofia zake zinalingana na miili. Sikuwa nimeangalia. "Kaangalie leo leo."

Jumatatu, 10 Machi

Baba alikuwa sahihi, na ninashukuru kwamba aliuliza.

Konrodi za A10 ni za aloi, na kofia zake, zile nusu za chini zinazofungwa kwa bolti kuishika krankshafti, ni za chuma cha kawaida. Kila konrodi ilitobolewa pamoja na kofia yake, ikiwa imefungwa, ili tundu liwe duara. Ukihamisha kofia kwenda konrodi nyingine, duara linapotea hata kama bolti zinaingia vizuri. Kwa hiyo huwekwa alama pande zote mbili za mwungano. Kwangu, konrodi ya kushoto ina nukta moja upande wa mwili na nukta mbili kwenye kofia. Ya kulia ni kinyume chake. Zimebadilishana.

Kati ya yote niliyoyakuta tangu Februari, hili ndilo pekee ambalo lingeweza kuua injini, na pengine mwendeshaji, na halionekani kwenye namba yoyote. Klachi ya mwaka mwingine, sproketi ya meno machache, hata krankshafti ya injini nyingine, hayo unaishi nayo. Kofia zilizobadilishana huminya ganda upande mmoja, mafuta hayapiti, na konrodi huvunjika katikati ya barabara. Shingo ya kushoto, ile iliyolika zaidi, ndiyo iliyo mbali zaidi na mafuta. Kwenye A10 mafuta huingia krankshafti kupitia bushi ya upande wa kulia, yakifika kushoto ni ya mwisho. Bushi yangu imelegea. Bushi iliyolegea na kofia zilizobadilishana, na bado ilikuwa ikivuta kigari. Sijui ni dua ya nani iliyoifikisha hapa.

Nusu mbili za kasha zina namba ndogo zilizogongwa chini, kushoto na kulia, na zinafanana. Hilo ni jema: zilitobolewa pamoja, na mstari wa beringi ya kushoto na bushi ya kulia ni mmoja.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita, na barua kutoka kwa wenye madaftari imefika. Fremu yangu ilitoka Small Heath mwaka 1956. Ilitoka na injini ya CA10, na namba kamili imeandikwa.

Niliisoma mara mbili, kisha nikakumbuka kile kipande chini ya meza. Nikakichukua, nikakipaka mafuta ya taa, nikasugua kwa brashi ya shaba pale chini ya kiti cha silinda. Rangi nyeusi ikatoka polepole. C, A, 1, 0, kisha tarakimu moja baada ya nyingine, nikizilinganisha na barua kwa kidole. Zote.

Ndilo kasha lenyewe. Lilipasuka, mtu akapata kasha la 1958 au la baadaye likiwa tupu, akahamishia humo krankshafti na konrodi zake za zamani. Sina cheti cha hilo, lakini shingo za 1.460 ndizo hasa zilizokuwa kwenye CA10, na sioni njia rahisi zaidi ya kulieleza. Na aliyefanya hivyo hakulitupa kasha lililopasuka. Alilihifadhi sandukuni miaka yote hiyo.

Wapo watakaoniambia nilichomee. Aloi huchomelewa, ndiyo, lakini ufa umefika kwenye kiti cha beringi, na nusu yake ya kulia haipo. Nusu ya kulia ya kasha lingine haitakuwa na mstari mmoja nayo. Nimeamua: kasha la DA10 linabaki, krankshafti ya zamani inabaki, kadi inabaki ilivyo. Maganda ya 1.6875 nimeyarudisha dukani, wakayapokea.

Jumamosi, 12 Aprili

Mtaa wa pili kuna mzee wa Kiingereza mwenye mashine ya kukereza krankshafti kwenye gereji yake. Alizipima shingo mwenyewe bila kunisikiliza, jambo lililonifurahisha. Tumekubaliana azipunguze hadi 1.430, yaani sehemu 30 chini ya kipimo cha kwanza, na atoe kizibo cha njia ya mafuta ndani ya krankshafti tusafishe tope lililojikusanya. Bushi mpya ataitoboa ikiwa ndani ya kasha, nusu mbili zikiwa zimefungwa, kwa mstari wa beringi ya upande wa pili. Kofia tumezirudisha kwa wenyewe na kupima tundu: ya kulia iko duara, ya kushoto imepinda kidogo. Konrodi ya kushoto lazima ibadilishwe. Ile itakayokuja itapimwa kwa mizani ilingane na ya kulia.

Jumapili, 27 Aprili

Stafford, kwenye maonyesho makubwa ya pikipiki za kale. Ukumbini zimesimama zinazong'aa, lakini mimi nilienda moja kwa moja kwenye gulio la spea nje, ambako watu wametandaza vyuma juu ya maturubai. Giaboksi ya plunja niliibeba kwenye toroli. Saa nne na robo alinisimamisha mtu mwenye A10 ya 1952 ambaye giaboksi yake imepasuka. Aligusa ule uso bapa kwa kiganja, akazungusha shafti, akauliza ninataka nini.

Nilirudi nyumbani na konrodi moja ya shingo nyembamba yenye kofia yake, alama zikilingana, na sproketi ya injini ya meno 21 ambayo meno yake bado yana mabega. Ile ya meno 18 nimeifunga kwenye karatasi ya mafuta, nikaiandika "kigari", nikaiweka sandukuni pamoja na nusu ya kasha.

Leo usiku nimefunga sproketi mpya kwa muda, nikakata bamba la milimita mbili, nikaipanga klachi. Rula ya chuma imelala juu ya sproketi zote mbili, na karatasi ya sigara haipiti chini yake. Picha nimemtumia Baba. Amejibu kwa sauti: ananiuliza kama nati ya klachi nimeifunga kwa spana ya inchi ngapi.